Ushindi Ulianzia Wapi? Gukesh na Kazi ya Kujieleza

Ukishatazama mbio za kutosha, unayajua mahojiano ya mwisho hata kabla hayajaanza. Mshindi bado anahema, bendera iko mabegani, maiki imeshafika mdomoni. Atamshukuru Mungu, kocha, familia na Wakenya wote waliomwombea. Atasema mbio zilikuwa ngumu lakini mwili uliitika. Hakuna anayelalamika kwamba hajasema jipya, maana hatukuhitaji jipya. Tumejionea wenyewe: zilipobaki mita mia mbili mtu wetu alichomoka, wengine wakabaki kutazama mgongo wake. Maneno hapo ni kachumbari tu. Nyama tulishakula.

Sataranji haina bahati hiyo. Vijana wawili wamekaa saa tano wakitazama ubao, mmoja anashika kichwa, mwingine anakunywa maji, kisha wanapeana mikono na mtu anaambiwa ni bingwa. Wewe shabiki umeona nini? Kama mchezo unaujua kidogo, umeona kete zikisogea. Kama huujui, umeona watu wakifikiri. Mbio zote zilikimbiwa ndani ya vichwa viwili, na hakuna kamera iliyofika huko. Kwa hiyo bingwa wa sataranji akiinuka kitini, kazi yake haijaisha. Lazima aje mbele ya watu aseme kilichotokea. Maelezo hayo ndiyo marudio pekee ya mbio tutakayopata.

Ndiyo maana nadhani maelezo hayo yanastahili kusomwa kama tunavyosoma hadithi fupi au shairi, kwa kuuliza yameanzia wapi, yameacha nini, na yanataka tuamini nini. Na mtu wa kuanza naye ni Gukesh Dommaraju wa Chennai, India, kwa sababu mwaka 2024 alilazimika kujieleza mara mbili mbele ya dunia, na mara zote mbili alisema kitu ambacho washindi wengi hukificha.

Mara ya kwanza ilikuwa Toronto, Aprili 2024. Mashindano ya Wagombea hukusanya wachezaji wanane, kila mmoja akicheza na kila mwenzake mara mbili, jumla michezo kumi na minne. Anayeongoza mwishoni ndiye anayekwenda kumkabili bingwa wa dunia. Gukesh alikuwa na miaka 17. Kwenye orodha walikuwamo Hikaru Nakamura, Fabiano Caruana na Ian Nepomniachtchi, watu wazima waliokwisha kuzoea presha ya aina hii. Nepomniachtchi alikuwa ameshinda mashindano hayohayo mara mbili mfululizo. Kijana akamaliza na pointi 9, wale watatu wakabaki na 8.5 kila mmoja. Hakuna aliyewahi kuyashinda akiwa na umri mdogo hivyo.

Wanahabari wakamuuliza swali linaloulizwa kila mahali: ni wakati gani ulihisi kwamba hii inaweza kuwa yako? Hebu fikiria majibu aliyokuwa nayo mfukoni. Angeweza kutaja raundi ya pili, alipompiga Mhindi mwenzake Praggnanandhaa. Angeweza kutaja raundi ya kumi na tatu, alipomshinda Alireza Firouzja siku moja kabla ya mwisho, akapanda juu peke yake. Hiyo ingekuwa hadithi safi, yenye mlima na kilele. Yeye akataja raundi ya saba, mchezo pekee aliopoteza katika mashindano yote.

Mchezo huo ulikuwa na huyohuyo Firouzja. Gukesh alikuwa sawa kwa muda mrefu, kisha saa ikambana, akateleza dakika za mwisho na kupoteza. Kwa maelezo yake mwenyewe aliumia sana. Lakini siku iliyofuata ilikuwa ya mapumziko, na humo ndani akajikuta ametulia, ana nguvu, anajisikia vizuri kuliko siku zote za mashindano. Kama kuna dakika aliyoanza kuamini, alisema, ilikuwa baada ya kushindwa huko.

Waswahili walishasema kuteleza si kuanguka, na mtu anaweza kuishia hapo, akasema basi, ni somo la kutokata tamaa, tuweke kwenye picha yenye machweo tuisambaze. Lakini maneno ya Gukesh hayakukaa hivyo. Hakusema kwamba kushindwa kulimfundisha kitu. Hakutaja kosa alilolirekebisha wala siri aliyoigundua usiku ule. Alisema tu kwamba aliumia, kisha akaamka yuko sawa, na hata yeye hana maelezo marefu ya kwa nini. Mtu anayetunga hadithi ya ushindi kwa ajili ya mashabiki angeweka sababu hapo. Angetuambia babu yake alimpigia simu. Gukesh aliacha tundu, na mimi nalipenda hilo tundu kuliko mengine yote aliyosema siku hiyo.

Kuna jambo lingine ambalo maelezo hayo hayawezi kulibeba, na ni haki kulisema. Siku ya mwisho Gukesh alitoka sare na Nakamura, kisha akawa hana la kufanya ila kusubiri. Kwenye ubao mwingine Caruana na Nepomniachtchi walikuwa bado wanapambana, na mmoja wao angeshinda angemfikia Gukesh kwa pointi, wakalazimika kucheza michezo ya kuamua. Caruana alikuwa na mchezo wa kushinda mkononi. Akaupoteza, wakatoka sare. Kwa hiyo sehemu ya ushindi wa Toronto iliamuliwa na mikono ya watu wengine wawili, Gukesh akiwa hayupo kwenye ubao. Ukisoma hadithi ya siku ya mapumziko peke yake, utadhani utulivu wa kijana mmoja ulitosha. Ulihitajika, lakini haukutosha. Hadithi yoyote inayosimuliwa na mshindi ina ugonjwa huu: msimulizi yuko katikati ya kila sentensi.

Mara ya pili ilikuwa Singapore, tarehe 12 Desemba mwaka huohuo, na hapa mambo yalikuwa magumu zaidi kwa sababu dunia nzima ilikuwa imeona jibu kabla yake.

Mchezo wa kumi na nne, wa mwisho. Pointi zilikuwa sawa, 6.5 kwa 6.5. Bingwa mtetezi Ding Liren wa China alikuwa na kete nyeupe, na baada ya saa nyingi ubao ulikuwa umebaki karibu mtupu. Gukesh alikuwa na askari mmoja zaidi, lakini kila mtu aliyejua mchezo alisema hii ni sare, kesho waende kwenye michezo ya haraka. Kisha katika hatua ya 55 Ding akapeleka ngome yake hadi f2, akikaribisha zibadilishwe ngome kwa ngome. Tatizo ni kwamba askofu wake alikuwa amejibanza kwenye kona ya ubao. Ngome zikiondoka, askofu naye angelazimishwa kubadilishwa, na wangebaki wafalme na askari watupu, Gukesh akiwa mbele kwa askari mmoja. Mchezo wa hivyo hauna cha kujadili. Ding alichoma, tena vibaya, katika mchezo wa mwisho wa taji la dunia.

Sasa kumbuka mashabiki walikuwa wapi. Walikuwa kwenye simu na laptopu, wakitazama matangazo yenye ule mstari wa kompyuta pembeni mwa skrini, unaopanda na kushuka kuonyesha nani yuko mbele. Ding alipoiachia ngome, mstari ukaporomoka. Dakika hiyohiyo mtoto wa darasa la sita aliyekuwa akitazama akiwa kitandani alijua kwamba Ding amekwisha. Watu wawili tu ndio hawakuwa na mstari huo: Ding, na Gukesh.

Gukesh alipokuja kusimulia, alisema hakuliona kosa hilo papo hapo. Alikuwa karibu acheze kitu kingine kabisa, aendelee kuzungushana, ndipo akagundua kwamba askofu wa mwenzake amenaswa. Kwenye video unaona kabisa: macho yanapanuka, kijana anajiegemeza nyuma, anakunywa maji, anajaribu kutuliza uso. Baada ya Ding kusalimu amri, Gukesh alilia. Kisha, machozi bado yanatoka, akaanza kuzirudisha kete kwenye mistari yake moja moja, kama anavyofanya kila mchezaji aliyefundishwa adabu, ndipo akaondoka.

Fikiria thamani ya kukiri kwamba hukuona papo hapo. Ushindi wenyewe ulikuwa umeanza kusemwa vibaya. Vladimir Kramnik, bingwa wa zamani, aliandika mtandaoni kwa uchungu kana kwamba mchezo wenyewe umekufa. Mkuu wa shirikisho la sataranji la Urusi, Andrei Filatov, alitaka uchunguzi, ati hatua ya Ding ilitia shaka. Katika hali hiyo kijana wa miaka 18 angekuwa na kila sababu ya kujipamba. Angeweza kusema alimwekea Ding mtego, kwamba alikuwa akimsubiri saa mbili nzima. Na kulikuwa na chembe ya ukweli hapo, kwa kuwa alikataa kuridhika na sare, akaendelea kumchosha mwenzake aliyekuwa na muda mchache kwenye saa. Badala yake alisema kosa lilipokuja, nusura limpite. Kisha akamsifu Ding kama bingwa wa kweli aliyepigana hadi mwisho.

Kwa maoni yangu jibu hilo lilizima moshi kuliko tamko lolote la viongozi. Mtu anayeshiriki njama hasahau kuona zawadi anayokabidhiwa.

Kuna mzee wa aina hii ya usimulizi, na bila yeye hatuwezi kuelewa tulichokipata na tulichokipoteza. Jina lake Mikhail Tal, mtu wa Riga, Latvia. Mwaka 1960 mjini Moscow, akiwa na miaka 23, alimvua taji Mikhail Botvinnik kwa 12.5 dhidi ya 8.5. Wakati huo alikuwa bingwa mdogo kuliko wote waliotangulia. Garry Kasparov alikuja kuivunja rekodi hiyo mwaka 1985 akiwa na miaka 22, na Gukesh akaivunja ya Kasparov. Tal alisomea fasihi chuoni, na baada ya mechi ile aliandika kitabu akieleza michezo yote 21, mmoja baada ya mwingine. Ni kitabu cha mshindi kijana anayewaeleza mashabiki jinsi alivyoshinda, na hadi leo watu hukisoma hata kama hawakumbuki nani alicheza nini.

Mchezo wa sita ndio unaojulikana zaidi. Tal alitoa farasi wake aliwe, na ukumbi ukachafuka kwa kelele hadi wachezaji wakahamishiwa chumba cha nyuma. Botvinnik hakupata jibu, akashindwa. Baadaye wachambuzi walionyesha kwamba jibu lilikuwepo, kwamba farasi yule hakupaswa kufua dafu. Tal afanye nini katika kitabu chake? Hakudai kwamba alipiga hesabu hadi mwisho. Alijitetea kwa hoja ya chini kabisa: kwa jinsi alivyokuwa ameupeleka mchezo hadi pale, hatua nyingine hazikuwa na maana. Kama farasi ni kosa, basi kosa lilianza nyuma. Unamwona mtu akifikiri, akibishana na wakosoaji wake, akikubali kwamba alikuwa anatembea gizani na alipenda hivyo.

Miaka ya baadaye Tal aliandika kitabu kingine cha maisha yake, akakipanga kama mahojiano kati ya mwanahabari na mchezaji. Utani ni kwamba wote wawili ni yeye. Humo anasimulia mchezo dhidi ya Evgeni Vasiukov katika ubingwa wa Muungano wa Kisovyeti. Alitaka kutoa farasi, akaanza kupiga hesabu, hesabu zikazaana hadi kichwa kikajaa. Ghafla, asijue kwa nini, akakumbuka kishairi cha watoto cha Korney Chukovsky kuhusu kazi ngumu ya kumtoa kiboko kwenye kinamasi. Akaanza kuwaza kwa uzito kabisa kiboko angetolewaje: kwa jeki, kwa nyenzo, kwa helikopta, kwa ngazi ya kamba. Mwishowe akamwachia kiboko azame. Na kiboko alipozama, hesabu za ubaoni nazo zikaondoka. Akaona haiwezekani kupiga hesabu yote, akatoa farasi kwa hisia tu, akashinda. Kesho yake akasoma gazetini kwamba Tal, baada ya kufikiri kwa makini kwa dakika 40, alitoa kete kwa hesabu sahihi.

Hapo ndipo penye ugomvi wote ninaouzungumzia. Gazeti lilisimulia ushindi kama ulivyopaswa kuwa. Tal alisimulia kama ulivyokuwa, kiboko na vyote. Mshindi ana uchaguzi huohuo kila mara maiki inapomfikia, na magazeti, makocha na sisi mashabiki tunamsukuma kila siku upande wa hesabu sahihi. Tunataka dakika 40 zenye maana. Kiboko hatujui tumweke wapi.

Lakini Tal aliishi kabla ya mstari wa kompyuta. Mashabiki wake walihitaji aje awaambie nani alikuwa mbele na kwa nini. Alikuwa mwalimu wao. Gukesh hawezi kuwa mwalimu kwa namna hiyo, kwa sababu simu yangu ya bei ya chini inajua hatua bora kuliko yeye. Kilichobaki ambacho simu haijui ni jinsi ilivyokuwa kukaa pale: alichokiogopa, alichokaribia kucheza, dakika aliyolala mlango ukiwa wazi. Maelezo ya mshindi yamegeuka kutoka somo na kuwa ushahidi.

Na ushahidi una hatari yake. Septemba 2022, mjini St. Louis, Mmarekani Hans Niemann, miaka 19, aliyekuwa wa mwisho kwa kiwango kati ya walioalikwa, alimshinda Magnus Carlsen akiwa na kete nyeusi, na Carlsen alikuwa hajapoteza michezo 53 mfululizo ya aina hiyo. Siku iliyofuata Carlsen alijitoa kwenye mashindano. Ghafla watu waliacha kutazama mchezo wakaanza kutazama mahojiano. Niemann alikuwa amesema kwamba kwa bahati tu alikuwa ameipitia hali ileile ya mwanzo wa mchezo asubuhi hiyohiyo. Walirudisha video nyuma, wakapima kila sentensi, wakacheka hatua alizozipendekeza ambazo kompyuta ilizikataa. Ati mtu aliyeshinda hivi hawezi kueleza hivi.

Mambo mawili ni ya kweli hapa. Niemann alikiri mwenyewe kwamba alidanganya kwenye michezo ya mtandaoni akiwa na miaka 12 na tena akiwa na 16, kwa hiyo shaka haikutoka hewani. Na pia, haikuthibitishwa kwamba alidanganya kwenye ubao siku ile. Mwishoni mwa 2023 shirikisho la dunia lilimtoza Carlsen faini ya yuro 10,000 kwa kujitoa bila sababu halali. Kinachonisumbua ni jinsi tulivyochukua kipaji kimoja, kueleza, tukakifanya kipimo cha kipaji kingine. Kuna watu wanaocheza vizuri na kuongea ovyo. Kuna waliokutana na kiboko wao na wanaona aibu kumtaja. Ukimhukumu mshindi kwa ufasaha wake, utawapendelea wenye lugha nzuri, walionyooka, waliozoea kamera.

Hapa Nairobi tulishaona upande mwingine wa jambo hili. Aprili 2023, katika mashindano ya wazi ya Kenya, mchezaji asiyejulikana aliingia kitengo cha wanawake akiwa amevaa hijabu na niqabu, na miwani juu yake, akaanza kushinda, hata dhidi ya mwanamke aliyewahi kuwa bingwa wa taifa. Waandalizi walisita kwanza, wakihofia kuonekana wanambagua mtu kwa vazi la dini. Kilichowatia shaka zaidi kilikuwa kimya chake. Hakuongea na mtu, hata alipokwenda kuchukua kitambulisho chake, na wachezaji wa sataranji ni watu wa kupiga stori wakishamaliza. Alipoitwa chumbani alikiri kuwa ni mwanamume, mwanafunzi wa chuo kikuu, miaka 25. Katika barua ya kuomba radhi alitaja shida ya pesa.

Mitandaoni tulicheka siku tatu. Meme zilikuwa nzuri, siwezi kukana. Lakini isome stori hiyo kama tulivyosoma ile ya Toronto. Huyu jamaa alishinda michezo ambayo hakuweza kuieleza, kwa maana sauti yake ingemtoboa. Wanawake aliowakalia mbele walinyang'anywa kitu kikubwa kuliko pointi, ambazo baadaye walirudishiwa: nafasi ya kukaa na mpinzani baada ya mchezo na kuulizana, hapa ulikuwa unawaza nini? Na maelezo pekee aliyoyatoa, ile barua, hayakuwa na sataranji ndani yake. Yalikuwa na pesa.

Pesa ndiyo sehemu ambayo hata usimulizi mzuri wa Gukesh huipitia haraka. Baba yake ni daktari wa upasuaji wa masikio, pua na koo aliyesimamisha kazi ili asafiri naye. Mama yake, mtaalamu wa vijidudu, akabaki akiibeba nyumba. Shule ya kila siku aliiacha akiwa darasa la nne. Alikuwa na kocha Mpolandi, Grzegorz Gajewski, na kwa mechi ya Singapore alikuwa na Paddy Upton wa kumwandaa kiakili, mtu aliyefanya kazi na timu ya kriketi ya India iliyochukua Kombe la Dunia mwaka 2011. Kwa haki yake, Gukesh aliwashukuru hadharani, wazazi na kikosi chake. Ila shukrani huja mwishoni, kama orodha ya majina baada ya filamu, wakati hadithi yenyewe inabaki ya kijana aliyeumia akaamka ametulia. Utulivu ule wa siku ya mapumziko ulikuwa na watu wengi nyuma yake wakilipia chumba.

Linganisha na jirani yetu Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala. Yeye alianza kujulikana duniani kupitia makala ya Mmarekani Tim Crothers mwaka 2011, iliyokuwa kitabu mwaka 2012, kisha filamu ya Mira Nair mwaka 2016, Lupita Nyong'o wetu akiigiza kama mama yake. Katika zote hizo tunajua uji aliofuata kwa kocha Robert Katende, tunaujua mtaa, mafuriko, njaa. Tukimaliza tunalia vizuri. Lakini jaribu kukumbuka hatua moja aliyocheza na kwa nini aliicheza. Ushindi wake ulielezwa na watu wengine, na wao walieleza umaskini wake. Kwa Gukesh tunapata kichwa bila gharama. Kwa Phiona tunapata gharama bila kichwa. Wote wawili walikaa mbele ya ubao uleule wa miraba 64, wakifikiri.

Sasa vijana wetu wanazidi kucheza, wengine shuleni, wengine kwenye simu ndani ya matatu kati ya Githurai na mjini. Siku moja mmoja wao atashinda jambo kubwa, na maiki itafika. Najua tutakachomuuliza kwanza: umetoka wapi, mlikuwa mnakula nini, mama anajisikiaje. Ni maswali ya haki, na majibu yake yatauza. Ningependa tu kabla maiki haijaondoka, mtu amuulize pia kuhusu hatua ya 31. Ulitaka kucheza nini kabla hujabadilisha mawazo? Ni lini hukuwa unajua unachofanya? Na akisita, akisema kusema kweli sijui, ilikuja tu, tusimkatize tukimtafutia sababu.